Majibu safi, na damu bado inatoka

Mama aliyekoma hedhi akiona damu, hata tone moja, lazima nimchunguze saratani ya ukuta wa ndani wa kizazi. Wengi hawanayo: chanzo huwa ni ukuta kunyauka, au kinyama tunachokiita polipu. Ila huwezi kubahatisha.

Naanza na altrasaundi ya ukeni, inayonipa unene wa ukuta. Ukiwa milimita 4 au chini ya hapo, uwezekano wa saratani haufiki asilimia 1, na mara nyingi naishia hapo, mradi damu isirudi. Kwa mwanamke anayepata hedhi namba hiyo hainisaidii, maana ukuta wake hunenepa na kupungua kila mwezi. Anayemeza tamoksifeni, dawa ya saratani ya matiti, naye ukuta wake huonekana mnene hata asipoumwa.

Ukizidi 4, nataka nyama ya kupeleka patholojia, maabara ya kupima vinyama. Natumia Pipelle, kimrija cha plastiki chenye upana wa milimita 3 hivi. Nakipitisha kwenye mlango wa kizazi, navuta pistoni, nakizungusha huku nikikirudisha nyuma, na vipande vyekundu vinajaa ndani. Tumbo linakaza kama la hedhi, kisha mama anavaa na kwenda zake. Saratani iliyotapakaa ukutani haikikwepi kirahisi. Shida ni kwamba hakina macho: polipu iliyojibanza kwenye kona hakiigusi.

Wengine huniambia, "Basi daktari, nisafishe kizazi." Kusafisha, yaani kukwangua ukuta, kunahitaji nusu kaputi, na nako ni kupapasa gizani. Utafiti wa mwaka 1975 ulikagua vizazi vilivyokwanguliwa kabla ya kuondolewa. Katika takriban asilimia 60, hata nusu ya ukuta haikuguswa.

Kwa hiyo damu ikiendelea, jibu la "hakuna saratani" silifungii faili. Kuna njia rahisi ambayo hospitali zetu zinaisahau bure: kuingiza mililita 5 hadi 10 za maji ya chumvi ndani ya kizazi kwa katheta, mrija mwembamba, wakati wa altrasaundi. Kuta zinaachana, na polipu inajitokeza waziwazi. Histeroskopi, yaani kamera ndani ya kizazi, inazidi zote, kwani naona na kukata papo hapo. Inapatikana hospitali chache na bei yake inauma. Hata hivyo, nilichokata lazima kiende maabara. Jicho halitofautishi ukuta ulionenepa tu na saratani changa.

Ukiandikiwa "sampuli haitoshi" na ukuta wako ulikuwa mnene, rudi na karatasi hiyo, uulizie histeroskopi.