Je, wajua? Sauti ya Sridevi unayoikumbuka huenda si ya Sridevi

Aliyekulia enzi za mikanda ya video hahitaji kuambiwa Sridevi ni nani. Ni yule mwigizaji wa India wa picha la nyoka, Nagina, la mwaka 1986, anayecheza mbele ya zumari huku macho yamemtoka. Ni yule mwandishi wa habari wa Mr. India, la 1987. Ukifumba macho unaisikia hata sauti yake: nyembamba, ya kudeka kidogo, inayopanda juu akikasirika.

Basi sauti uliyokuwa ukiisikia katika picha zake nyingi za Kihindi za kabla ya 1989 si yake. Ni ya Naaz, mwigizaji mwingine, ambaye kazi yake ilikuwa kusimama kwenye chumba chenye giza na kumwekea mwenzake maneno mdomoni.

Ilikuwaje? Ukiuliza utajibiwa kwamba Sridevi hakujua Kihindi, na ni kweli. Lakini jibu hilo linaishia njiani. Bombay (Mumbai ya leo), kitovu cha filamu za Kihindi, haijawahi kukosa wasichana warembo wanaojua Kihindi; kwa nini watengenezaji wa filamu wahangaike na asiyekijua? Ili kuelewa, inabidi turudi nyuma, kabla Bombay haijamtia machoni.

Sridevi alizaliwa tarehe 13 Agosti 1963 katika kijiji cha Meenampatti, karibu na Sivakasi, mji wa jimbo la Tamil Nadu unaosifika kwa viwanda vya fataki na viberiti. Baba yake, mwanasheria, alikuwa Mtamil. Mama yake alitoka Tirupati, upande wa Watelugu. Nyumbani kulikuwa na lugha mbili, na hakuna hata moja yenye undugu na Kihindi. Huku kwetu tumezoea kusema Mhindi ni Mhindi tu, lakini Kitamil na Kihindi ni kama Kiswahili na Kisomali: wamekaa jirani, wamekopeshana maneno, ila ukoo ni mbalimbali kabisa.

Alikuwa na miaka minne alipoanza kazi. Nyuso za kwanza alizovaa zilikuwa za Murugan akiwa mtoto, mungu wa kiume anayependwa mno na Watamil. Mtoto wa kike, kageuzwa mungu mwanamume, na watu wakaridhika! Baada ya hapo hakupumzika: filamu za Kitamil, za Kitelugu, za Kimalayalam. Filamu ya Kimalayalam ya Poompatta, ya 1971, ilimpatia tuzo ya mwigizaji bora mtoto ya jimbo la Kerala. Hata Bombay alipita kimya kimya, mwaka 1975, katika Julie, akiigiza mdogo wake mhusika mkuu.

Mwaka 1976 mwongozaji K. Balachander akampa nafasi ya mwanamke mtu mzima katika filamu ya Kitamil ya Moondru Mudichu. Ndani ya hadithi anaolewa na mzee, na hivyo anakuwa mama wa kambo wa kijana anayeigizwa na Rajinikanth. Sasa piga hesabu: mama ana miaka 13, mtoto ana 25. Siku hizi jambo hilo lingezua maswali mazito, na mimi ningekuwa miongoni mwa wanaouliza. Wakati ule liliitwa kipaji.

Mwaka uliofuata ikaja 16 Vayathinile. Mwongozaji wake, Bharathiraja, aliitoa kamera kwenye studio za Madras (Chennai ya leo), mji wa filamu za Kitamil, akaipeleka kijijini kwenyewe, kwenye vumbi na mbuzi. Sridevi alikuwa Mayil, msichana wa miaka kumi na sita anayetamani kuwa mwalimu na anayedharau yule kiguru anayempenda. Kitu cha kutazama pale ni jinsi anavyonyamaza. Mayil anapoumizwa hasemi sana. Anatazama, macho yanakwenda pembeni, yanarudi. Mtu wa namna hiyo unamwelewa hata kama lugha yake ni kelele tupu masikioni mwako. Sisi tuliotazama picha za Kihindi bila tafsiri tunajua thamani ya macho hayo.

Bharathiraja akajaribu kuihamishia hadithi ileile kwenye Kihindi, mwigizaji yuleyule, kwa jina la Solva Sawan, 1979. Haikuuza. Sridevi akarudi kusini.

Aliporudi tena, 1983, na Himmatwala, akiwa na Jeetendra, stelingi wa Bombay, mambo yalilipuka. Tofauti ilikuwa nini? Mwanzoni mwa miaka ya 1980, wenye filamu wa Kitelugu walikuwa wamegundua biashara: unachukua hadithi iliyokwisha kuuza kwenu, unaipiga upya kwa Kihindi, unaweka stelingi anayejulikana kaskazini. Himmatwala ilikuwa marudio ya filamu ya Kitelugu, na mwongozaji wake, K. Raghavendra Rao, alikuwa Mtelugu. Kwa hiyo waliomwajiri Sridevi walikuwa watu wa kwao, waliomfahamu kikazi. Walijua anashika hatua za dansi upesi, anajua kamera iko wapi, hachoki. Ndiye aliyecheza katikati ya vyungu vingi vilivyopangwa katika wimbo wa Nainon Mein Sapna, na wimbo ule ukambeba nchi nzima. Kihindi? Kihindi kingetafutiwa mtu.

Na kilitafutiwa mtu kwa sababu, kiufundi, hakuna aliyehitaji sauti ya mwigizaji pale pale. Kamera iliyotawala India wakati huo ilikuwa Arriflex ya Kijerumani, nyepesi, lakini ikizunguka ilinguruma kama cherehani. Studio nazo hazikuzuia kelele za nje. Kwa hiyo maneno yaliyosemwa mbele ya kamera yalikuwa ya kupima tu. Mwongozaji aliweza kupaza sauti "geuka, tazama juu!" katikati ya mapenzi, na filamu isiharibike. Hadi filamu ya Lagaan, mwaka 2001, kurekodi sauti palepale kwenye uwanja wa kazi kulikuwa bado jambo la kusimuliwa.

Sauti ya kweli ilirekodiwa baadaye. Kipande kifupi cha filamu kiliungwa ncha kwa ncha kikawa pete, kikazungushwa kwenye mashine, mstari uleule ukijirudia ukutani tena na tena. Mwenye sauti alisimama mbele ya maikrofoni akitazama midomo. Irabu zinasamehewa, balaa ni p, b na m, kwa sababu hapo midomo hugusana na mtazamaji anaona. Ukichelewa kidogo, rudia. Wale madijei wa kwenye mabanda yetu ya video, wanaotafsiri picha nzima kwa Kiswahili huku wakichombeza utani wao, wana uhuru ambao Naaz hakuwa nao: wao wanasema juu ya mwigizaji, yeye alitakiwa kuingia ndani yake.

Kwani Sridevi asingeweza kukariri na kujisemea? Maneno angekariri. Tatizo ni masikio ya Wahindi wa kaskazini. Kihindi kinatenganisha k, kh, g na gh, na ukikosea neno linageuka. Khana ni chakula, gana ni wimbo. Maandishi ya Kitamil yana herufi moja tu kwa sauti zote nne. Mtu wa Mombasa au Lamu analielewa hili haraka: kwake paa wa mwituni hutamkwa kwa pumzi, paa la nyumba halina pumzi, na mgeni anayevichanganya anajulikana hapo hapo. Juu ya hayo, Kihindi humlazimisha mwanamke kusema "ninakwenda" tofauti na mwanamume. Kitamil, kama Kiswahili, hakijali. Stelingi wa kike akijisemea kama dume, ukumbi mzima unacheka.

Tena hadhira ilikwisha kuzoea mgawanyo wa kazi. Hakuna aliyedhani mwigizaji ndiye anayeimba. Nyimbo zilikuwa za waimbaji kama Lata Mangeshkar au Asha Bhosle, na kila mtu alilijua hilo na kulifurahia. Kama wimbo unaweza kutoka koo la mtu mwingine, maneno ya kawaida yana ugumu gani? Tofauti ni kwamba Lata aliandikwa kwenye jalada la sahani. Naaz aliijaza filamu nzima na wengi hawakumjua.

Na Naaz hakuwa mtu wa kuokotwa. Naye alianza akiwa mtoto. Katika Boot Polish ya 1954 aliigiza vizuri kiasi cha kutajwa rasmi kwenye tamasha la filamu la Cannes, Ufaransa, mwaka uliofuata. Mtoto nyota wa zamani, amekua, kamera imemsahau, sasa anamsemea mtoto nyota mwingine ambaye kamera imemng'ang'ania.

Mara moja kazi hiyo ya kumsemea Sridevi ilimwangukia mwigizaji mwingine, Rekha, katika Aakhree Raasta ya 1986. Sikiliza kisa hiki: Rekha mwenyewe ni mtoto wa Madras, baba Mtamil, mama Mtelugu, na aliingia Bombay na Kihindi cha kuchekesha. Alikaa akajifunza mpaka akawa yule wa filamu ya Umrao Jaan, mwenye Kiurdu (lugha pacha ya Kihindi) cha kunukia marashi. Yeye aliijua njia yote.

Sridevi naye alikuwa akijifunza. Mwaka 1989, katika Chandni ya mwongozaji Yash Chopra, ndipo aliposema Kihindi kwa koo lake mwenyewe filamu nzima, na akaimba pia kwenye wimbo wenye jina la filamu. Ilikuwa nyembamba, ya kudeka kidogo. Watazamaji wengi hawakushtuka kwamba kuna kilichobadilika, na mimi na rafiki zangu mpaka leo tunabishana nani alikuwa anamwiga nani.