Kwa nini vimbunga huipita kando pwani ya Afrika Mashariki?

Ijumaa ya tarehe 3 Mei 2024, Hidaya ilikuwa baharini mashariki ya pwani ya Tanzania, tena kimbunga hasa. Upepo wake ulikuwa umevuka kilomita 118 kwa saa, kipimo ambacho wataalamu wa upande huu wa Bahari ya Hindi hukitumia kutenganisha kimbunga kamili na dhoruba za chini yake. Boti za abiria kati ya Dar es Salaam na Zanzibar zikasitishwa, wavuvi wakaambiwa wasitoke. Kesho yake kikaifikia Mafia kikiwa kimekwisha kupungua nguvu. Dar wapo waliotania kwamba Mamlaka ya Hali ya Hewa ilitutisha bure. Utani huo haukuwa na ladha Kilwa, ambako maji yaliikata barabara ya kusini pale Somanga.

Kilichowashangaza wengi ni kwamba kimbunga kilikuja kabisa. Madagascar na Msumbiji huvipata karibu kila msimu, ilhali Tanga au Mombasa mtu anaweza kuzaliwa na kuzeeka bila kukiona hata kimoja. Bahari ni ile ile. Sasa kinachotukinga ni nini?

Jibu linalosikika zaidi ni Madagascar: eti kisiwa kile kimesimama kama ukuta mbele yetu. Hebu fungua ramani. Ncha ya kaskazini ya Madagascar iko karibu nyuzi 12 kusini mwa ikweta. Mtwara iko nyuzi 10, Dar es Salaam karibu 7, Mombasa 4. Kwa hiyo mbele ya pwani yetu hakuna Madagascar yoyote, kuna maji matupu na visiwa vidogo vidogo mpaka Shelisheli na kuendelea. Anayekingwa na Madagascar ni Msumbiji, naye hakingiki sana, maana vimbunga vingine huzaliwa au kupata nguvu ndani ya mlango bahari ulio kati yao. Idai, kilichoiangamiza Beira mwezi Machi 2019, kilikuwa cha aina hiyo.

Wala si suala la joto. Kimbunga hula mvuke: bahari yenye nyuzijoto 26 na nusu hivi au zaidi huvukiza maji, mvuke unapanda, unageuka mawingu na mvua, na katika kugeuka huko unaachia joto linalozidi kuipandisha hewa juu. Hewa ikipanda, chini yake panabaki mgandamizo mdogo, na hewa ya pembeni inakimbilia hapo. Chakula hicho bahari yetu inacho. Mwezi Machi na Aprili maji ya pwani huwa ya moto kupita kiwango kinachotakiwa.

Tunachokosa ni mzunguko, na hapo ndipo ikweta inapoingia.

Dunia hujizungusha kuelekea mashariki, lakini si kila mahali pa dunia panakwenda kwa kasi moja. Mtu aliyesimama kwenye ikweta anabebwa kwa kilomita zipatazo 1,670 kwa saa. Aliye nyuzi 60 kutoka ikweta anabebwa kwa nusu ya hiyo, kwa kuwa duara analolizunguka ni dogo. Hewa inayosafiri kutoka kwenye kasi moja kwenda kwenye nyingine haiwezi kwenda moja kwa moja, hupinda. Kusini mwa ikweta hupindia kushoto, kaskazini hupindia kulia. Hiyo ndiyo nguvu ya Coriolis, iliyopewa jina la mwanahisabati Mfaransa aliyeandika habari zake mwaka 1835.

Kupinda huko ndiko kunakokifanya kimbunga kuwa kimbunga. Hewa inayokimbilia kwenye mgandamizo mdogo inalikosa shabaha lake, inapita ubavuni, inaanza kuzunguka. Kwetu kusini huzunguka kwa kufuata mishale ya saa. Kwa kuwa inazunguka badala ya kuingia, lile pengo la katikati halizibiki, na mtambo unaendelea kufanya kazi. Kwenye ikweta nguvu hiyo ni sifuri, kwa kuwa hapo ukisogea kidogo kaskazini au kusini kasi ya dunia karibu haibadiliki. Hewa huingia moja kwa moja, pengo linazibika, na kinachobaki ni mvua ya radi ya jioni. Ndiyo maana vimbunga huzaliwa kwa nadra sana ndani ya nyuzi 5 za ikweta. Nadra si kamwe: Desemba 2001 dhoruba iitwayo Vamei ilijijenga karibu na Singapore, nyuzi 1 na nusu tu kaskazini, na wataalamu wanaizungumzia mpaka leo.

(Aliyewahi kupita Nanyuki, mji wa Kenya ulio kwenye mstari wa ikweta, ameshaonyeshwa beseni lenye tundu, maji yakizunguka upande huu kaskazini ya mstari na upande ule kusini yake. Ni mchezo mzuri, na anayeuonyesha anastahili senti zake, ila si Coriolis. Kwenye beseni nguvu hiyo ni ndogo mno. Maji hufuata jinsi yalivyomiminwa. Inahitaji mamia ya kilomita ndipo ionekane.)

Nguvu hiyo hiyo ina kazi ya pili. Kimbunga kikishazaliwa, tuseme nyuzi 12 kusini, pepo za huko hukisukuma magharibi, lakini mzunguko wake wenyewe hukivuta taratibu kuelekea ncha ya dunia, yaani mbali na ikweta. Kwa hiyo hata kile kilichoanzia jirani yetu huelekea kutuacha. Kenneth, Aprili 2019, kilipita karibu kabisa na Ngazija, Mtwara wakajiandaa, kisha kikaingia Cabo Delgado, kusini kidogo ya mpaka.

Haya yote hupunguza uwezekano, hayaufuti. Tarehe 15 Aprili 1872 kimbunga kiliipiga Unguja wakati wa Sayyid Barghash, kikang'oa sehemu kubwa ya mikarafuu. Pemba ilisalimika zaidi, na tangu hapo ndiyo iliyoshika karafuu. Lindi ilipigwa Aprili 1952. Jobo kilikuja Aprili 2021 kikafifia kabla ya kufika, halafu Hidaya.

Angalia miezi: Aprili, Aprili, Aprili, Mei. Ni majira ambayo mabaharia wa pwani huyaita tanga mbili, kaskazi imekwisha na kusi haijashika. Januari ukanda mvua, mahali pepo za pande mbili zinapokutana na mawingu kujikusanya, huwa umeshuka kusini, na vimbunga huzaliwa huko huko. Kuanzia Aprili unarudi kaskazini. Mbegu ya kimbunga ikitokea wakati huo, inatokea karibu zaidi na ikweta, katika njia inayoweza kuishia Lindi, Mafia au Unguja.

Msomaji wa Mombasa anaweza kuona kwamba habari hii imekwisha kwa usalama wake. Haijakwisha, kwa sababu kimbunga hakihitaji kufika ili kikuguse. Kinavuta hewa kutoka mbali sana, na kilipo ndipo panapoamua unyevu uelekee wapi. Machi 2018, vimbunga Dumazile na Eliakim vilipokuwa upande wa Madagascar, pepo za magharibi zilivuka kutoka Kongo zikiwa zimejaa unyevu, na masika ya Kenya yakaanza kwa mvua kubwa. Mwaka mmoja baadaye Idai kikakaa upande wa Msumbiji, unyevu ukavutwa kusini, na wakulima wa Kenya wakaingoja masika iliyochelewa. Kwa hiyo mtabiri wa Nairobi mwezi Machi ana sababu ya kutazama Madagascar: kimbunga kikiwa mashariki ya kisiwa hutarajia mvua, kikiwa kwenye mlango bahari wa Msumbiji hutarajia siku kavu.