GeneXpert haitambui kama kimelea ki hai au kimekufa

Wiki hii nimeulizwa tena, safari hii na ndugu wa mgonjwa kutoka Urambo, kwa nini dawa za kifua kikuu zimeshindwa ilhali mgonjwa wao amemaliza miezi 6 bila kuruka dozi, hakohoi na ameongezeka uzito. Ushahidi wao ni majibu ya GeneXpert, mashine inayotafuta vinasaba vya kifua kikuu katika makohozi, yanayosema vimelea vimeonekana. Imani hii inaumiza watu: wapo wanaoanzishiwa dawa upya bila sababu, na wapo wanaoshutumiwa kwamba hawakumeza dawa.

Mashine hii huvunja seli zilizomo katika makohozi, hunakilisha kipande cha vinasaba, kisha hupima mwanga unaotokana na nakala hizo. Vinasaba vya kimelea kilichouawa na dawa hunakilishwa sawasawa na vya kilicho hai, na mabaki hayo huweza kuonekana miezi mingi, pengine miaka, baada ya tiba. Ndiyo sababu kipimo hiki hakitumiki kufuatilia maendeleo ya tiba.

Katriji (kasha dogo la kupimia linaloingizwa katika mashine) ya Ultra, iliyopendekezwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2017, imelikuza tatizo kwa sababu ya wepesi wake wa kugundua. Katriji ya awali ilitegemea jeni ya rpoB, ambayo kila kimelea kina nakala moja tu, lakini Ultra hutafuta pia vipande vya vinasaba viitwavyo IS6110 na IS1081, ambavyo kwa kawaida hujirudia mara nyingi ndani ya kimelea kimoja. Hapo ndipo linapozaliwa jibu la kiasi hafifu, tunaloliita trace: vinasaba vya kifua kikuu vimeonekana, ila rpoB haikutosha kusoma usugu dhidi ya rifampisini, mojawapo ya dawa kuu za kifua kikuu. Tafadhali, usugu usiosomeka si usugu uliothibitishwa.

Kwa mtoto au mtu anayeishi na VVU, trace huchukuliwa kuwa ugonjwa. Kwa aliyetibiwa ndani ya miaka 5 iliyopita na sasa anakohoa tena, nakiri kwamba majibu hayo peke yake hayaniwezeshi kutenganisha mabaki na ugonjwa uliorudi. Kuotesha vimelea katika kimiminika, kipimo kinachoonyesha vilivyo hai, huweza kuchukua hadi siku 42, na sampuli yenye vimelea vichache huweza isioteshe kitu hata kama vimo hai, hivyo daktari huamua kwa kupima pia dalili na picha ya kifua. Kwa hiyo nawaomba wanaotuma makohozi waandike katika fomu kama mgonjwa aliwahi kutibiwa, na alimaliza lini.