Mipaka Inayofuata Mto: Sheria ya Wilaya za Maliasili Nebraska

Nebraska, jimbo la wakulima wa mahindi na wafugaji katikati ya Marekani, ina kaunti 93, na nyingi zimekatwa kwa rula. Maji hayaitambui mistari hiyo. Kisima cha kaunti moja hupunguza maji ya jirani wa kaunti ya pili, na mafuriko yanayoanzia mashamba ya juu huwaangukia watu wa chini wasio na kauli yoyote huko yalikoanzia.

Hadi mwishoni mwa miaka ya 1960, jimbo lilikuwa na vyombo 154 vya kushughulikia mambo hayo. Ukame na dhoruba za vumbi za miaka ya 1930 ndizo zilizozaa wilaya za kuhifadhi udongo. Zikafuata za vijito, za kutoa maji yaliyotuama mashambani, na nyingine tena. Zilipandana hivi kwamba shamba moja liliweza kuwa chini ya vyombo kadhaa. Mwaka 1969 Bunge la jimbo lilipitisha sheria ya kuziunganisha, na Julai 1972 zikaanza kazi Wilaya za Maliasili 24, ambazo leo ni 23 baada ya mbili kuungana. Mipaka yake kwa jumla inafuata mabonde ya mito: Platte, Loup, Republican, Niobrara, Big Blue.

Mipaka ndiyo husifiwa zaidi, lakini kwa maoni yangu uzito wa sheria ile uko kwingine. Kila wilaya ina bodi inayochaguliwa kwa kura na wakazi wenyewe, na bodi hiyo ina mamlaka ya kutoza kodi ya ardhi na majengo. Haisubiri fungu kutoka makao makuu Lincoln ndipo iajiri fundi wa kupima visima.

Faida yake ilionekana upesi. Mtambo wa kunyunyizia unaozunguka kisima, uliobuniwa na Frank Zybach na kupewa hataza mwaka 1952, ulifanya hata ardhi ya mchanga na vilima imwagiliwe, na visima vikaongezeka kwa kasi. Sheria ya mwaka 1975 ikazipa wilaya meno: kudhibiti visima vipya, kudai mita na kuweka mgao. Wilaya ya Upper Republican, kusini-magharibi mwa jimbo, ilianza mapema, mwishoni mwa miaka hiyo ya 1970. Mgao huko huhesabiwa kwa inchi za maji kwa ekari, kwa kipindi cha miaka kadhaa kwa pamoja, hivyo anayebana matumizi mwaka wa mvua anabaki na akiba ya mwaka wa kiangazi. Wakulima walinung'unika, sana tu. Lakini waliopitisha amri walikuwa wakulima wenzao, nao pampu zao zilifungwa mita zilezile.

Msingi wa kisheria ulisaidia. Nebraska huyahesabu maji ya chini ya ardhi kuwa mali ya umma, na mwenye shamba ana haki ya kuyatumia kwa kiasi. Texas, inayochota kwenye mwamba uleule wa Ogallala, tabaka kubwa la chini ya ardhi lililojaa maji, humhesabu mwenye ardhi kuwa mwenye maji yaliyo chini yake. Kina cha maji kimeshuka sana Texas na Kansas, ilhali Nebraska kwa wastani kimebaki karibu palepale. Sifa hiyo si ya sheria peke yake: vilima vya mchanga vya Nebraska hunyonya mvua vizuri na mwamba wake ni mnene zaidi.

Sheria ilikuwa na pengo, nalo lilikuja na bili. Tangu mwaka 1943 Nebraska, Kansas na Colorado zina mkataba wa kugawana maji ya mto Republican. Aliyefungwa na mkataba ni jimbo, ila mwenye mamlaka juu ya pampu zinazoufyonza mto huo kutoka chini ni wilaya. Kansas ilifungua kesi mwaka 1998. Nebraska ikatunga sheria mwaka 2004 kulazimisha idara ya jimbo na wilaya zipange pamoja pale maji yanapokuwa yamegawiwa yote au kupita kiasi. Hata hivyo matumizi ya 2005 na 2006 yalivuka mgao, na mwaka 2015 Mahakama ya Juu ya Marekani ikaiamuru Nebraska iilipe Kansas dola milioni 5.5.

Kwa msomaji wa Tanzania, mabonde tisa yaliyo chini ya Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji Na. 11 ya 2009 yamejengwa juu ya wazo lilelile la mipaka. Tofauti iko kwenye bodi: za kwetu huteuliwa, na ada za vibali vya kutumia maji ni sehemu ya mapato yake.

Kuchagua bodi nako kuna gharama, na nitrati, kemikali ya mbolea iliyo hatari kwa watoto wachanga ikizidi kwenye maji, ndiyo inayoionyesha. Mbolea ya mahindi imepenya hadi kwenye visima vya kunywa vya vijiji na miji midogo. Wilaya ya Central Platte iliweka kanuni za mbolea mwaka 1987, zikikazwa kwa awamu kadiri nitrati inavyozidi, lakini si kila bodi iliharakisha hivyo. Anayeweka mbolea hupiga kura, mara nyingi hukaa mezani penyewe, na mama wa mjini anayenunua maji ya chupa kwa ajili ya mtoto mchanga ana kura moja tu kama wengine.