Je, wajua kwa nini kupunguza taa zote pointi 10 huharibu sura ya mwigizaji?

Mpiga picha mkuu anaona mwanga umezidi kidogo, anaagiza taa zote zishuke. Kwenye tableti ya fundi wa taa, taa kuu inasoma 80 kati ya 100, ya kujazia kivuli 20, ya nyuma 40. Fundi anazichagua zote tatu na kutoa pointi 10 kwa kila moja: zinabaki 70, 10 na 30. Upande mmoja wa uso haujabadilika sana, wa pili umezama gizani. Hakuna taa iliyoharibika. Ni hesabu tu.

Taa kuu imepoteza sehemu ya nane ya mwanga wake. Ya kujazia imepoteza nusu nzima. Uwiano wao ulikuwa 4 kwa 1, sasa ni 7 kwa 1, na giza la kivuli usoni linatokana na uwiano huo. Ndiyo maana mwanga hupimwa kwa stopu: kila unapoongezeka maradufu ni stopu moja, iwe umetoka luksi (kipimo cha mwanga unaofika mahali) 50 hadi 100 au 500 hadi 1000. Kutoa pointi sawa ni kodi ya kichwa: tajiri hahisi, maskini anafilisika. Kinachotakiwa hapa ni fungu la kumi, kila mmoja atoe kadiri ya alichonacho.

Basi usitoe, zidisha. Kushusha stopu moja, zidisha kwa 0.5; nusu stopu, 0.71, theluthi ya stopu, 0.79. Taa zetu tatu zikizidishwa kwa 0.71 zinakuwa takriban 57, 14 na 28, na uwiano unabaki 4 kwa 1.

Huna haja ya kupiga hesabu hizi kwa mkono. Weka taa zote za tukio kwenye kundi moja, kisha lipe kundi hilo fada (kitelezi cha kupandisha na kushusha mwanga) yake ya kubana, yaani ile inayozidisha viwango vilivyopo badala ya kuongeza vyake. Kwenye Eos, programu ya kuongoza taa ya kampuni ya ETC, sabmasta (fada ya kundi) ya namna hiyo huandikwa Inhibitive. Fada ikiwa juu kabisa, taa zinasoma ulivyozipanga. Ikiwa nusu, zote zinasoma nusu. Faida yake kubwa ni kwamba viwango vya asili haviguswi. Anayebadilisha viwango vyenyewe na kuvirekodi upya kila mara anajitafutia balaa: makosa madogo ya kukadiria namba yanalimbikizana, na akizishusha zote hadi 0 hana tena cha kuzidisha. Sifuri mara chochote ni sifuri.

Kupanda kuna tatizo lake, nalo ni dari. Taa kuu iliyo 80 ukiizidisha kwa 1.5 inapaswa kufika 120, lakini inagota 100 huku nyingine zikiendelea kupanda. Uwiano umevunjika tena, safari hii kwa upande mwingine, na uso unakuwa bapa. Anza siku taa kuu ikiwa karibu na 70. Hapo una nusu stopu ya akiba juu. Kama 70 haitoshi, taa hiyo ni ndogo kwa kazi hiyo, au isogezwe karibu.

Sasa tuje kwenye kosa linalowasumbua wengi: mkunjo wa dima, yaani jinsi taa inavyogeuza namba ya skrini kuwa mwanga. Asilimia 50 kwenye skrini si lazima iwe nusu ya mwanga. Taa iliyowekwa Linear hutoa nusu kweli. Iliyowekwa Square hutoa robo. Ajabu ni kwamba zote zikiwa Square, uwiano bado unashika, kwa sababu zote zinashuka hadi robo kwa pamoja. Shida ni mchanganyiko. Moja ikiwa Linear na nyingine Square, fada ikifika nusu ya kwanza imeshuka stopu moja na ya pili stopu mbili, ilhali namba kwenye skrini zinaonekana safi kabisa. Kabla ya kuanza, weka kipima mwanga mahali pa uso, washa taa moja moja, soma luksi ikiwa 100 kisha ikiwa 50. Inayotofautiana na wenzake, ingia kwenye menyu yake ubadilishe mkunjo.

Chini kabisa kuna ngazi. Chaneli ya kawaida ya DMX, lugha ya kidijitali inayotumiwa kuamuru taa, ina hatua 0 hadi 255 tu. Kutoka 255 kwenda 254 hakuna anayeona. Kutoka 2 kwenda 1 umepoteza stopu nzima, na mwanga unaruka badala ya kufifia. Taa ikiwa na hali ya biti 16, itumie: inakula chaneli mbili, lakini inatoa hatua 65,536. Kama haina, weka kitambaa cha kupunguza mwanga mbele yake ili ifanye kazi kwenye namba za juu.

Sheria hiyohiyo inatawala rangi. Taa yenye chaneli za nyekundu 200, kijani 100 na bluu 50, ukitoa 40 kila moja unapata 160, 60 na 10, rangi nyingine kabisa. Ukizidisha kwa 0.8 unapata 160, 80 na 40, rangi ileile ikiwa hafifu.

Kuna taa ambazo fada haiziwezi. Balbu za tungsten hugeuka za rangi ya chungwa kadiri zinavyofifia, na HMI (taa kali zinazowaka kwa umeme kupita kwenye gesi) kwa kawaida hazishuki chini ya nusu. Hizo huwekewa wavu wa chuma: wavu mmoja hupunguza nusu stopu, nyavu mbili stopu moja. Na dirisha halimo kwenye DMX kabisa. Ukishusha kundi zima stopu moja huku jua likiingia pembeni, dirisha limeongezeka stopu moja ukilinganisha na taa zako. Lifunike kwa jeli (karatasi ya plastiki inayopitisha mwanga) ya kijivu ya stopu moja kabla hujagusa fada.