Kuvuta gadi au kuangusha: yanayosemwa mkekani na ukweli wake

"Anayekaa chini ni mwoga." Husema hivyo hasa waliolelewa kwenye judo na mieleka, ambako mgongo ukigusa chini umekwisha. Wakimwona mtu ameshika kola ya mwenzake, ameweka mguu nyongani mwake kisha akaketi kwa hiari, wanaona amejisalimisha. Huko ndiko kuvuta gadi: kuketi kwa hiari na kumzuia mpinzani kwa miguu yako. Katika jiu-jitsu ya Brazili, kumbe, aliye chini mwenye gadi nzuri bado anashambulia. Desemba 1994, fainali ya UFC 4, shindano la mapigano ya mitindo mchanganyiko, Dan Severn alimkalia juu Royce Gracie kwa takribani robo saa, naye alimzidi uzito mbali sana. Royce, mgongo ukiwa chini, akamfunga kabali ya miguu, ile ya pembetatu, na Severn akasalimu amri.

"Ukivuta gadi hupotezi kitu." Hapa ndipo wengi wanapoumia, maana jibu limo kwenye kanuni za shindano uliloingia. Chini ya IBJJF, shirikisho la kimataifa la jiu-jitsu ya Brazili, kuangusha ni pointi 2, kumpindua mtu kutoka chini nako ni 2, kupita gadi, yaani kuivuka miguu ya aliye chini na kumdhibiti, ni 3. Kuvuta gadi kwenyewe hakuna pointi, si ya kupata wala ya kukatwa. Ila lazima uwe umemshika mpinzani. Ukiketi tu mikono mitupu, ni adhabu. Na kuna mtego: ukikaa wakati yeye tayari ameshika suruali yako, kisha akakudhibiti hapo chini sekunde 3, anaweza kupewa 2 kana kwamba amekuangusha. Kwa hiyo kabla ya kukaa tazama mkono wake uko wapi. Kama umekamata suruali yako karibu na goti, uvunje mshiko huo kwanza.

ADCC, shindano la kukamatana bila sare ya judo, ni habari nyingine. Pointi zikishaanza kuhesabiwa, anayevuta gadi anakatwa 1. Kuangusha kunalipa 2, au 4 ukitua ukiwa umeshaipita gadi. Kuingia kule ukiwa na gadi tu, bila hata ngwala moja, kwangu mimi ni kujitakia.

"Kuvuta gadi ni salama kuliko kuangushana." Kuketi, ndiyo, mara nyingi. Kurukia kiuno cha mtu ni hatari: mwili wako wote unaning'inia juu ya magoti ya mwenzako, na goti lililonyooka halina pa kukwepea. Ndiyo maana IBJJF imewakataza mikanda myeupe, yaani wanaoanza, kurukia gadi ya kufunga, ile ya kufunga miguu kiunoni mwa mpinzani. Sheria nzuri, na mazoezini ningeifikisha kwa mikanda yote.

"Kusimama ni kazi ya wanajudo." Mitsuyo Maeda, aliyepeleka mchezo huu Brazili mwaka 1914, alikuwa mwanajudo wa Kodokan, shule kuu ya judo huko Japani. Hata Royce, katika UFC ya kwanza mwaka 1993, alitafuta kwanza kumkumbatia mpinzani na kumpeleka chini.

Mpinzani anayejua utakaa tu hana haja ya kulinda miguu yake. Akijua pia unaweza kumkamata kifundo, anasita, na sekunde hiyo ya kusita ndiyo unayoihitaji kukaa ukiwa na mishiko unayoitaka.

Na mkivuta gadi nyote wawili kwa pamoja? Refa wa IBJJF anahesabu sekunde 20. Asipoinuka mtu kwenda juu, wala kuwa karibu kumaliza pambano, nyote mnaadhibiwa na mnasimamishwa upya.