Antena nane hazitoboi ukuta wa Mji Mkongwe

Mtu mwengine tena kanitumia picha ya ruta WhatsApp, antena nane zimesimama, na suali ni lilelile, "Fundi, hii si itashika mpaka ghorofa ya juu?" Haishiki bwana, na pesa ushatoa.

Wingi wa antena si nguvu. Nguvu ya kurusha ina kikomo cha sheria, Ulaya kwa mfano kwenye GHz 2.4, moja ya masafa ya waifai, mwisho ni miliwati 100. Na hata ungeruhusiwa kuzidisha, simu yako nayo lazima ijibu, na simu ina kiantena kidogo na betri ya kubania. Ndo unaona alama ya waifai imejaa lakini ukurasa haufunguki: simu inaisikia ruta, ruta haiisikii simu. Halafu mnalaumu bando.

Kinachoniudhi zaidi ni hio dBi, kipimo cha antena inavyoelekeza mawimbi, eti ya 9 ni kali kuliko ya 5. Antena haizalishi nguvu hata chembe, inaielekeza tu. Ni kama kitumbua, ukikibonyeza juu kinatanuka ubavuni. Antena ya fimbo yenye dBi kubwa inatandaza mawimbi pembeni na inayapunguza juu na chini, na nyumba za Mji Mkongwe zimekwenda juu, sasa wewe umelipa zaidi ili jirani wa ng'ambo ya kichochoro apate waifai na chumba cha juu yako kikose! Antena fupi ya dBi 3 ingekufaa zaidi.

Kuta zenyewe mawe ya matumbawe na chokaa, nusu mita na zaidi, masafa mengine ya waifai, GHz 5, mara nyingi yanaishia ukuta wa kwanza. Vitabuni kuna majedwali ya ukuta gani unakula desibeli (kipimo cha nguvu ya mawimbi) ngapi, mie siyaamini kwa nyumba hizi, kuta mbili za nyumba moja hazifanani na uliolowa masika unakula zaidi, kwa hivo napita na simu chumba kwa chumba kabla sijataja bei na bado mara nyengine nashangazwa.

Ofisi ya kompyuta tano sita nunua ruta mbili za kawaida na waya wa mtandao wa Cat5e baina yao, unakwenda mpaka mita 100. Uwe shaba tupu, ukiona CCA kwenye boksi ni alumini iliyopakwa shaba, na chumvi ya bahari ya hapa inavyokula alumini tunaijua. Ruta ya pili ipe IP (anwani ya mtandao) yake, zima DHCP yake, yaani kugawa anwani, hio kazi ya ruta ya kwanza, waya ingiza tundu la LAN (la mtandao wa ndani) si WAN (la intaneti), chaneli ya GHz 2.4 iwe 1, 6 au 11 lakini si ile ya mwenzake. Kompyuta za mezani zichomeke waya, basi.

Boksi la ruta likisema 1200 hio ni megabiti 300 za GHz 2.4 na 867 za GHz 5 zimejumlishwa na kukuzwa kidogo, na tazama matundu ya waya, nyingi za bei rahisi ni megabiti 100 tu. Ripita, kifaa cha kurudia mawimbi, ya redio moja inapokea na kurusha kwa redio hiohio, spidi inabaki nusu. Mesh (ruta kadhaa zinazoungana kama mtandao mmoja) bila waya, hata yenye redio ya tatu, kwa kuta hizi sijashawishika.

Na msitoboe ovyo, mji huu ni urithi wa dunia wa UNESCO tangu 2000 na chokaa ikishaanza kumeguka utamtafuta fundi mwengine kabisa, pitisheni waya kwenye ngazi, pembeni mwa boriti.